Skonzi za nyama: unga unataka joto, nyama inataka baridi

Skonzi tupu haina siri kubwa. Unga wa ngano, hamira, sukari kidogo, maziwa, siagi, muda wa kuumuka, kisha moto. Mtu aliyezoea kukanda maandazi huipatia bila shida. Mambo hubadilika akiamua kutia nyama ndani. Unga ni ule ule, hamira ile ile, oveni ile ile, lakini skonzi zinatoka zimepasuka ubavuni na mchuzi umemwagika ukaungulia kwenye trei. Au ukiikata moja unakuta kima imelala chini peke yake, juu yake pango tupu. Mbaya kuliko zote ni ile inayopendeza kwa nje, rangi ya kutamanisha kabisa, halafu ukiitafuna, pale unga unapogusana na nyama kuna tabaka linaloonekana bichi na linanata kwenye meno.

Lawama huishia kwa hamira. Watu hubadilisha chapa, huongeza kijiko, huuacha unga uumuke saa nzima zaidi, na hali inazidi kuharibika. Hamira mara nyingi haina kosa. Shida ya mkate wowote uliojazwa ni kwamba unafungia pamoja vitu viwili visivyopatana. Unga unataka maji ili uwe laini, unataka joto ili uumuke, na ukishaiva hautaki kuona friji. Nyama inatakiwa iwe kavu, iwe imepoa, na bila friji hailali. Ukilielewa hilo, maelekezo mengi ya mapishi yanayoonekana kama mazoea tu (acha ipoe, bana vizuri, usiumue sana) yanapata sababu yake, na unajua lipi la kulegeza na lipi la kushikilia.

Maji hayana pa kutokea

Mpishi wa sambusa hahitaji kuambiwa akaushe kima; manda ikilowana inachanika mkononi. Hata hivyo sambusa ina unafuu wake. Manda ni nyembamba na mafuta ni ya moto, kwa hiyo maji yaliyobaki ndani yanapenya na kutoka upesi. Yale mapovu yanayochemka kuzunguka sambusa ndiyo maji yenyewe yanakimbia. Skonzi imezungukwa na ukuta mnene wa unga na inakaa kwenye moto wa wastani karibu dakika 20. Maji ya ndani yanabaki ndani.

Yakibaki yanafanya kazi mbili, zote mbaya. Sehemu yake inanywewa na unga ulio jirani. Unga uliokwisha kupimiwa maji yake ukiongezewa mengine wakati unaiva hauwi mkate tena, unakuwa ute mzito, na hilo ndilo lile tabaka la kunata. Kuiongezea skonzi dakika kumi za moto hakusaidii, maana unga ule umeshaiva. Umeiva ukiwa umelowa.

Sehemu nyingine inageuka mvuke. Maji yakigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,600. Kijiko kimoja cha chai, kama kingegeuka chote, kingetoa mvuke wa lita 8 hivi. Hakigeuki chote, kwa kuwa katikati ya skonzi joto halifiki nyuzi 100, lakini sehemu ndogo tu inatosha kuinua paa. Na wakati wenyewe unaangukia vibaya. Skonzi ikiingia kwenye oveni, hamira huchangamka na kufanya kazi kwa kasi mpaka joto la ndani lifike nyuzi 55 hadi 60 za Selsiasi, ndipo inakufa. Kuanzia hapo wanga wa unga unakunywa maji na kushikamana, mkate unapata umbo lake la kudumu. Kabla umbo halijakaza, unga ungali laini na mvuke umeshaanza kusukuma. Paa linapanda, nyama inabaki chini kwa uzito wake, kisha unga unakazia pale pale ulipofika. Pango limejengwa.

Pango hilo hilo tunalisifu kwenye mahamri. Hamri likitumbukizwa kwenye mafuta ya moto, mvuke unatenganisha ngozi ya juu na ya chini kwa ghafla, linafura, na mtu wa Mombasa anayelila na mbaazi za nazi analitaka hivyo hivyo, tupu ndani, apate pa kutia mbaazi. Fizikia ni moja. Kwenye skonzi ya nyama imekuja mahali pasipotakiwa.

Wala si kila mpishi duniani anayaogopa maji haya. Wachina kwenye baozi hutia nyama mbichi, na wanafurahi mchuzi wake ukilowanisha unga. Lakini baozi huivishwa kwa mvuke, haina ganda la kulinda wala rangi ya kutafuta. Kwenye xiaolongbao, vile vidogo vinavyopendwa Shanghai, supu hutiwa makusudi ikiwa imegandishwa, ikayeyukia ndani. Upande wa pili wako Wajerumani waliokuwa wakiishi kando ya mto Volga huko Urusi. Walipoanza kuhamia Marekani miaka ya 1870 walikwenda na mikate yao ya nyama na kabichi mpaka Kansas na Nebraska, na mjini Lincoln, Nebraska, mkate huo umekuwa ukiuzwa kwa jina la Runza tangu 1949. Kabichi ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, na bado mkate wao haulowi, kwa sababu nyama, kitunguu na kabichi hupikwa kwanza mpaka vikauke, ndipo vikaribie unga. Skonzi yetu ni ya ukoo huu wa pili, kwa hiyo nyama mbichi ndani yake sishauri hata kidogo, hata kama umeona mtu akifanya hivyo kwenye video.

Kima inayofaa kufungiwa

Kwa nusu kilo ya unga, nusu kilo ya nyama ya kusaga inatosha, tena isiyo na mafuta mengi. Vitunguu viwili vikubwa vilivyokatwa vidogo, kitunguu saumu, tangawizi, bizari nyembamba, pilipili manga, hoho ukipenda, ndimu, na kotmiri mwishoni. Nyanya iache. Najua wapo watakaokasirika, lakini nyanya ni maji kwa asilimia 94 hivi, na uchachu wake unapatikana kwa ndimu, au kwa kijiko kimoja cha nyanya ya kopo kilichokaangwa mpaka kikabadilika rangi.

Chagua sufuria pana au karai. Sufuria nyembamba yenye kina inachemsha nyama, pana inaikausha. Anza na nyama peke yake, bila mafuta na bila kitunguu. Itatoa maji na kuanza kuchemka ndani yake. Usiyamwage, ladha imo humo. Yaache yaishe yenyewe huku ukivunja mabonge kwa mwiko. Kisha sikiliza. Maji yakiwepo sufuria inatokota, sauti nzito na ya polepole. Yakiisha sauti inageuka, inakuwa kali na ya haraka, ya kitu kinachokaangika. Hapo ndipo kitunguu kinaingia, kwa sababu nacho kina maji yake na kinataka zamu yake ya kukauka. Ukivitia pamoja tangu mwanzo unapata mchuzi mwingi na kitunguu kilichochemka badala ya kukaangika.

Ukidhani imekauka, pitisha mwiko katikati ya sufuria ufungue njia, kisha uinamishe kidogo. Kinachotiririka kwenye ile njia kikiwa na ukungu, cheupe cheupe, hayo ni maji bado. Kikiwa kinang'aa, mafuta safi yanayopitisha mwanga, maji yamekwisha.

Mafuta nayo yana lake. Hayalowanishi unga kama maji yanavyofanya, lakini yakigusa ukingo wa donge, hapo hapafungiki. Utabana, utadhani pameshikana, na oveni itakuonyesha ukweli. Ndiyo maana kima ikitoka jikoni haifai kuachwa kwenye sufuria. Imwage kwenye sinia, itandaze iwe nyembamba, na chini ya upande mmoja wa sinia weka kijiko ili liinamie upande wa pili. Mafuta yatajikusanya huko, utayachota. Wakati huo huo mvuke wa mwisho unatoka, na nyama inapoa kwa dakika chache badala ya saa nzima.

Ila kabla ya kuimwaga kwenye sinia, ikiwa bado kwenye moto, ichanganye na kijiko cha chakula cha unga wa ngano, au kiazi mviringo kimoja kilichochemshwa na kupondwa. Wanga huo unashika unyevu mdogo uliobaki, na unaifanya kima ishikane isimwagike punje punje mtu akiuma. Onja chumvi na viungo vikiwa juu kidogo ya vile ungependa kwa wali. Mkate mtamu kidogo wa pembeni utavipunguza makali.

Vijazo vingine vinafuata hesabu hiyo hiyo. Yai zima la kuchemsha ni mgeni mtulivu kuliko wote, halitoi maji wala halisinyai. Jodari wa kopo akamuliwe vizuri. Mchicha uchemshwe, ukamuliwe kwa mikono miwili mpaka usitoe tone, ndipo ukaangwe. Jibini ikae katikati, izungukwe na nyama, kwa sababu ikiyeyuka hutafuta tundu. Chochote chenye tui la nazi ni mtego: kwenye friji tui linaganda na kukuaminisha kwamba rojo ni zito, likipata moto linarudi kuwa mchuzi.

Unga wenyewe

Vipimo ninavyovipendelea ni hivi: unga gramu 500, yaani nusu ya pakiti ya kilo moja, hamira ya chengachenga gramu 7, ambayo ni vijiko viwili vya chai vya kusawazisha na kidogo juu, sukari gramu 30, chumvi gramu 8, yai moja, maziwa vuguvugu mililita 260 hadi 280, siagi gramu 50. Unapata kama gramu 920 za unga uliokandwa, zinazotoa madonge 16 yanayokaribia gramu 58 kila moja. Kila donge linabeba gramu 30 za kima, vijiko viwili vya chakula visivyojaa sana. Tamaa ya kujaza nyama nyingi inaeleweka, lakini kila gramu ya ziada inapunguza unene wa ukuta.

Unga wa kawaida wa dukani una protini asilimia 9 hadi 11 hivi, na ule uliotengenezwa kwa ajili ya mkate hufika 12 au 13. Protini hiyo ikikutana na maji na kukandwa ndiyo inayofanya gluteni, utando unaonyumbulika na kushika hewa ya hamira. Skonzi tupu inavumilia unga dhaifu. Yenye nyama haivumilii sana, kwa sababu utando huo unavutwa ukafunika mzigo. Ukiwa na unga wa kawaida, kanda zaidi: dakika 10 hadi 12 kwa mikono, mpaka kipande ukikivuta kwa vidole kinyooke kiwe chembamba kinachopitisha mwanga kabla ya kukatika. Siagi itie baada ya unga kushikana, si mwanzoni. Mafuta yakitangulia yanaizingira protini na kuichelewesha kuungana.

Sukari isizidi sana. Ikifika sehemu moja kwa kumi ya uzito wa unga, inaanza kuvuta maji kutoka kwenye hamira yenyewe na kuidumaza. Isitoshe, skonzi tamu mno yenye bizari na kitunguu saumu ndani inamchanganya mlaji.

Kuna ufundi mmoja kutoka Asia ya Mashariki ambao kwa mtu aliyelelewa na uji hauna ugeni wowote. Chota gramu 25 za ule unga, koroga na mililita 125 za yale maziwa, weka kwenye moto mdogo mpaka uwe uji mzito, kama nyuzi 65. Upoze, kisha ukandie pamoja na vilivyobaki. Wanga uliopikwa hivyo hushika maji mengi kuliko unga mbichi, kwa hiyo mkate unakuwa laini na haukauki kesho yake, wakati unga mkononi haunati. Kwa mkate uliojazwa hii ni faida mara mbili: unapata ulaini bila kuongeza maji ya ovyo ambayo yangekutana na yale ya nyama.

Kuhusu muda wa kuumuka, usiiamini saa kuliko macho. Maelekezo mengi yanayozunguka yameandikwa kwa jikoni zenye nyuzi 21 au 24. Dar es Salaam mwezi wa pili, jikoni kukiwa na nyuzi 31, unga unaweza kujaa mara mbili ya ulivyokuwa kabla ya dakika 45. Njombe mwezi wa saba unaweza kukaa saa mbili. Nairobi ni hadithi nyingine: iko juu zaidi ya mita 1,700, kanieneo ya hewa ni ndogo, kwa hiyo gesi ndani ya unga inatanuka kwa urahisi hata kama chumba ni baridi. Maji huko huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na mkate unahitaji dakika mbili tatu za ziada kwenye oveni. Popote ulipo, bonyeza kwa kidole kilichopakwa unga. Shimo likirudi lote upesi, bado. Likirudi kidogo na kubaki alama, tayari.

Kufunga, huku nyama ikihesabiwa dakika

Kata madonge, viringisha, yafunike kwa kitambaa chenye unyevu na uyaache dakika 15. Watu wenye haraka hupita hapa. Gluteni iliyotoka kuviringishwa imekakamaa. Ukilisukuma donge sasa linarudi nyuma, na likirudi wakati kima imeshawekwa linajifungua mahali ulipobana.

Donge usilisukume likawa na unene mmoja kama chapati. Bonyeza kwa kiganja, kisha sukuma pembeni tu, ukingo uwe mwembamba na katikati pabaki pana kitumbo. Sababu iko kwenye kufunga. Ukikusanya kingo kuzunguka nyama, zote zinakutana sehemu moja na kufanya fundo. Kingo zikiwa nene, fundo linakuwa bonge la unga lisiloiva, huku upande wa pili, ambao ndio utakuwa paa, umebaki mwembamba wa kupasuka. Weka kima katikati ukiigandamiza kidogo, vuta kingo kama unafunga mfuko, toa hewa kwa kiganja kabla ya kufunga, bana, zungusha fundo, bana tena. Kidole kikigusa mafuta kipanguse kabla hakijagusa ukingo. Fundo linakaa chini kwenye trei, ambapo uzito wa skonzi yenyewe unalishikilia.

Sasa ndipo ugomvi unapokuwa mkali. Unga unahitaji kuumuka mara ya pili mahali pa joto, na ndani yake kuna nyama iliyopikwa. Idara ya Kilimo ya Marekani hushauri chakula kilichopikwa kisikae kati ya nyuzi 4 na 60 zaidi ya saa mbili, na kukiwa na joto la zaidi ya nyuzi 32, saa moja tu. Kufunga madonge 16 kunakula dakika 20 kwa mkono uliozoea, kuumuka dakika 30 au 40. Saa imekwisha. Kwa hiyo kima iliyopoa kwenye sinia iende friji, itoke tu wakati madonge yamepumzika na yanasubiri kusukumwa, na kama jikoni kuna joto sana fanya nusu kwanza, nusu nyingine ibaki kwenye friji pamoja na unga wake. Wazo kwamba "moto utaua kila kitu" si sahihi. Moto unaua bakteria wenyewe, lakini baadhi yao huacha sumu isiyoharibika kwa joto la jikoni.

Ubaridi wa kima unasaidia pia kufunga, kwa sababu mafuta yaliyobaki yameganda na hayatambai. Kima ya moto inafanya kinyume chake: inalainisha unga kutoka ndani, inaiamsha hamira upande mmoja, na fundo linateleza.

Kuumuka huku kwa pili kuwe kufupi kuliko kwa skonzi tupu. Hapa wengi huharibu kwa nia njema, wakitaka iwe laini zaidi. Skonzi ya nyama iliyovimba mara mbili kabla ya moto ina ukuta dhaifu na paa lililokwisha kuachana na nyama. Ikiongezeka kama nusu ya ukubwa wake inatosha, oveni itamalizia.

Moto

Oveni iwe na nyuzi 180 hadi 190 kabla skonzi hazijaingia. Oveni isiyopata moto wa kutosha inazipa dakika nyingi za kutanuka bila kukaza, na pango linakua. Paka yai lililopigwa na kijiko cha maziwa, choma tundu dogo juu kwa kijiti cha meno mpaka ufike kwenye nyama, mvuke upate pa kupumulia, ingiza. Dakika 18 hadi 22. Ukiwa na kipimajoto, katikati ya unga pakifika nyuzi 90 mkate umeiva. Usipokuwa nacho, geuza moja uigonge chini: ganda kavu lenye rangi ya kahawia ndilo unalolitafuta, na hasa kuzunguka fundo.

Majiko mengi ya gesi majumbani yana moto wa oveni upande wa chini peke yake, hivyo chini kunaungua na juu kunabaki kweupe. Panda rafu ya juu, na weka trei ya pili chini ya ile yenye skonzi. Zile oveni ndogo za umeme za mezani zina tatizo la kinyume, waya wa juu uko karibu mno; shusha chini na ufunike juu kwa foili baada ya dakika 12.

Kwa asiye na oveni, moto wa juu na chini unafanya kazi nzuri, na mara nyingine rangi yake inaishinda ya gesi. Sufuria nzito, mchanga safi mkavu chini kama vidole viwili, ipate moto dakika 15 ikiwa imefunikwa. Trei au chombo chenye skonzi kinakaa juu ya mchanga kisiguse kuta. Kisha palia makaa kwenye kifuniko, mengi juu na machache chini. Mgawanyo huu ndio kila kitu. Mchanga unahifadhi joto na kuendelea kulitoa hata makaa ya chini yakipungua, ilhali juu hakuna cha kuhifadhi isipokuwa bati la kifuniko. Makaa yakiwa sawa juu na chini, chini kunaungua kwanza. Na usifunue funue. Dakika 15 za mwanzo acha, kisha funua mara moja mvuke utoke. Mvuke ukijaa ndani ya sufuria ngozi ya skonzi inabaki na unyevu, na ngozi yenye unyevu haibadiliki rangi hata makaa yawe mekundu namna gani, kwa kuwa kahawia hiyo huanza pale uso wa mkate unapokauka na kupita joto la maji yanayochemka.

Zikitoka, ziweke juu ya waya au ungo, si kwenye sahani. Chini ya skonzi ya moto iliyolala kwenye sahani mvuke unageuka maji, na kazi yote ya kukausha inaishia hapo. Zisubiri dakika 10 kabla ya kuzikata.

Zilizobaki zinaleta ugomvi wa mwisho. Mkate hukauka upesi zaidi kwenye friji kuliko mezani, kwa sababu wanga ulioiva hujipanga upya na kuwa mgumu kwa kasi kubwa kwenye nyuzi chache juu ya sifuri. Nyama nayo haiwezi kulala mezani. Mezani hapafai kwa moja, friji haifai kwa nyingine. Jibu ni kugandisha: zikishapoa, ndani ya saa hizo mbili, zifunge moja moja na uzitie kwenye friza, ambako wanga unatulia na nyama iko salama. Kwa sababu hiyo hiyo, za kima nazihesabu kuwa za futari na chai ya jioni. Mtoto anayefungiwa saa 12 asubuhi na kula saa 4 apewe skonzi tupu.

Siku ya kuzila, zitoe friza uziingize moja kwa moja kwenye oveni ya nyuzi 160, zikiwa zimefungwa kwenye foili, kwa dakika 20 hivi, kisha fungua foili dakika tatu za mwisho ngozi ikauke. Hakikisha nyama ya katikati inachoma ulimi. Kwenye kikaango kizito chenye kifuniko pia inawezekana, ila hapo zianze kuyeyuka kwenye friji usiku kucha. Maikrowevu inazilainisha kwa dakika moja, lakini zikipoa tena zinakuwa ngumu kuliko mwanzo, kwa hiyo pasha ile tu unayoila sasa hivi.